Kabla ya Tundu la Kwanza: Maneno kwa Wanaofunga Projekta Darini

Ndugu mwenyekiti, wasimamizi wa majengo, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaoanza kuishika kazi hii, nawasalimu na nawashukuru kwa kuniita.

Naomba muinue macho. Hapo juu, mbele kidogo ya safu ya tatu, ipo projekta. Inawaka, picha yake imenyooka, maandishi yanasomeka mpaka nyuma kabisa. Yeyote akiingia humu atasema fundi alifanya kazi. Asubuhi, kwa ruhusa ya wenye ukumbi, nilipanda ngazi nikatoa kipande kimoja cha dari kando yake. Ndiyo ile nafasi nyeusi mnayoiona. Nimeiacha wazi makusudi, na ngazi ile pale ukutani. Tutairudia.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Dari inaipinga methali hiyo. Inamziba macho hata fundi aliyezeeka kazini, na ndiyo maana nimechagua kuzungumzia yanayojificha, kwa kuwa kukaza skrubu wengi wenu mnakujua. Katika kazi yetu, kinachoonekana ndicho chepesi. Projekta isipowaka, mteja atakupigia simu kesho asubuhi. Skrubu iliyoshika nusu haipigi simu. Inakaa kimya juu ya vichwa vya watu mwaka mzima, hata miwili.

Nitaanza na uzito, na nitakaa nao muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu mengine yakiharibika tunapoteza picha. Hili likiharibika tunaweza kupoteza mtu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilifunga projekta katika chumba cha mafunzo chenye dari ya jipsamu. Projekta ilikuwa na kilo 4 hivi, breketi kama kilo 2. Nilitoboa ubao, nikapitisha zile bolti zenye mabawa yanayofunguka kwa ndani, nikakaza, nikaivuta kwa mkono mara mbili, ikatulia. Baada ya miezi kadhaa wakaniita: picha inashuka. Mwalimu wa chumba kile alikuwa akiipandisha kwa kuinua kidogo pua ya projekta, wiki iliyofuata inashuka tena, naye anaipandisha tena. Hakuna aliyejua kwamba kilichokuwa kinashuka ni dari. Nilipopanda nikakuta ubao umefanya tumbo, matundu yamepanuka, na karatasi ya jipsamu imeanza kuchanika kuzunguka bolti moja. Chini yake palikuwa na dawati, na asubuhi ile mtu alikuwa amekaa hapo. Hakuumia mtu yeyote. Lakini nilikishusha kifaa kile mikono ikinitetemeka, na tangu siku hiyo sijauamini ubao tena.

Dari ni nguo ambayo jengo limevishwa. Ubao wa jipsamu umetengenezwa ujibebe wenyewe: ni unga uliogandishwa kati ya karatasi mbili. Ukiuning'inizia mzigo wa kudumu, unga unasagika taratibu pale chuma kinapougusa, na unyevu ukiingia unasagika haraka zaidi. Vile vipande vya dari vinavyolazwa kwenye fremu nyembamba za chuma ndiyo kabisa. Nyaya zinazoshikilia fremu zilihesabiwa kwa uzito wa vipande vyenyewe na vitu vyepesi vinavyokaa humo. Hata zile breketi zenye sahani ya kulalia juu ya fremu zinatakiwa zifungwe kwa waya hadi kwenye slabu au mbao za paa. Soma karatasi iliyokuja nayo, imeandikwa.

Mzigo wa projekta lazima ufike kwenye kitu ambacho jengo lenyewe linakitegemea: slabu ya zege, boriti, au mbao za kenchi. Watengenezaji wengi wa breketi wanaelekeza kwamba mahali pa kufungia paweze kubeba mara tano ya uzito wote unaoning'inia. Nasema uzito wote. Kilo 4 za projekta, 2 za breketi, 1 ya bomba la kushushia: hizo ni 7, na mara tano ni 35. Mimi huwa siishii kwenye karatasi. Breketi ikishafungwa, kabla projekta haijapanda, naning'iniza madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, yaani kilo 40, nazungushia kamba eneo la chini asipite mtu, kisha naendelea na kazi ya nyaya. Nikirudi napima kama bomba limeshuka hata kidogo. Projekta ikiwa kubwa, madumu yanaongezeka. Wapo wateja wanaoniona nachelewesha kazi kwa mambo ya maji. Nawaomba wasubiri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifukuza.

Slabu nayo ina siri zake. Tundu la bolti ya kupanuka lisiposafishwa, bolti inashika vumbi badala ya zege. Puliza, sugua kwa brashi, puliza tena. Fisha za plastiki ziacheni ukutani kwenye picha za ukumbusho, kwa sababu juu ya vichwa vya watu mzigo unavuta moja kwa moja kwenda chini mchana na usiku, na plastiki hulegea. Baadhi ya slabu zina matofali yenye uwazi ndani: drili inazama ghafla, unahisi imeingia hewani. Ukihisi hivyo usilazimishe bolti. Tafuta ubavu wa zege ulio kati ya tofali na tofali. Na zipo slabu zilizojengwa na nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa. Kuikata moja kwa drili kunaweza kumjeruhi anayetoboa na kulidhoofisha jengo. Kwenye jengo la namna hiyo hakuna kutoboa mpaka mhandisi aonyeshe nyaya zinapita wapi. Msione haya kuomba michoro ya jengo. Wasimamizi mlio hapa, nawaomba msituone wasumbufu tunapoiomba.

Katika majengo ya zamani, dari yenyewe inaweza kuwa na asbesto. Hapo usitoboe wala usivunje hata kipande mpaka ipimwe. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu na halitoki.

Kwenye paa la mbao, usifunge kwenye kenchi moja tu kwa sababu ndiyo iliyo karibu na alama yako. Laza ubao imara juu ya mbao mbili za kenchi, ufunge hapo katikati. Na usikate hata mbao moja ya kenchi kupisha bomba lako, maana kila mbao mle inaisaidia nyingine.

Hata ukiyatimiza yote hayo, funga waya wa usalama wa chuma kutoka kwenye projekta hadi kwenye jengo, kwa nanga yake yenyewe, yaani bolti yake ya peke yake ya kushika jengo. Nimeona mara nyingi waya huo umefungwa kwenye breketi ileile inayobeba projekta, na breketi ikianguka, waya nao unaanguka. Uwe mfupi pia, kwa kuwa waya mrefu unakipa kifaa nafasi ya kuchukua kasi kabla haujakidaka.

Kuna jambo moja hapa linaloniuma, kwa sababu linafanywa na mafundi waangalifu. Fundi mwangalifu anaogopa skrubu zitalegea kwa mtetemo, kwa hiyo anapaka gundi ya kukazia nyuzi. Chuma kwa chuma, sawa. Lakini mwili wa projekta nyingi ni plastiki, na gundi hizo, pamoja na mafuta na grisi, hushambulia aina nyingi za plastiki. Nyufa nyembamba huanza kuzunguka tundu, na baada ya muda kipande kizima kilichoshika skrubu kinabanduka. Baadhi ya watengenezaji wa projekta wanaonya jambo hili waziwazi katika vitabu vyao. Tumia washa ya springi, ile pete ya chuma inayozuia skrubu kulegea, kaza kwa nguvu waliyoandika, kisha urudi kukagua. Skrubu za projekta ndogo mara nyingi ni M4, yaani za kipenyo cha milimita 4, ila urefu hutofautiana: fupi inashika nyuzi mbili tu, ndefu inapenya ndani na kugusa visivyotakiwa kuguswa. Na tumia matundu yote ya kufungia yaliyotolewa. Ukiona matatu yanatosha, la nne halikuwekwa kwa mapambo.

Sasa tuje kwenye picha.

Kila lenzi ina uwiano wa urushaji, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye skrini ukigawanywa kwa upana wa picha. Lenzi yenye uwiano wa 1.5 na skrini ya upana wa mita 2.4 inataka mita 3.6. Kama zumu yake inafika 1.8, unaweza kurudi nyuma hadi mita 4.32. Hesabu hiyo mtoto wa shule anaiweza. Kosa hutokea juu ya ngazi: fundi anapima mita 3.6 na kutoboa hapohapo, akisahau kwamba kipimo ni cha lenzi, na breketi iko katikati ya mwili wa projekta. Lenzi ikitangulia kwa sentimita 15, picha inapungua sentimita 10, na zumu imeshafika mwisho. Skrini inabaki na ukingo mweupe usiojazwa, na slabu inabaki na matundu manne ya bure. Ndiyo maana mimi sikai kwenye ncha za zumu. Kwa mfano huo ningeiweka lenzi karibu na mita 3.9, ili nikikosea kidogo kuwe na pa kukimbilia. Halafu kumbukeni kwamba projekta hii itakufa siku moja, na itakayoirithi breketi haitakuwa na lenzi ileile.

Kimo kinawasumbua watu zaidi ya umbali. Projekta nyingi hazirushi picha usawa wa lenzi. Zikigeuzwa kichwa chini, ukingo wa juu wa picha huanguka chini ya lenzi kwa kiasi kilichowekwa kiwandani, kinachoitwa mkengeuko na kuhesabiwa kwa asilimia ya kimo cha picha. Picha yenye kimo cha mita 1.5, na mkengeuko wa asilimia 10, itaanza sentimita 15 chini ya lenzi. Chukua dari ya mita 4 na skrini ambayo ukingo wake wa juu uko mita 2.6 kutoka sakafuni: lenzi inatakiwa iwe mita 2.75, kwa hiyo unahitaji bomba la zaidi ya mita moja. Fundi asiyejua hilo anaibandika projekta darini kwa sababu ndivyo inavyopendeza, picha inatua juu ya skrini, naye anaiinamisha. Ikiinama, picha inakuwa trapeza, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Anaingia kwenye menyu, anatafuta kistoni, yaani mpangilio wa kunyoosha umbo la picha, anainyoosha, anashuka ngazi.

Hiyo kistoni ndiyo iliyozika kazi nyingi mbovu. Hainyooshi mwanga. Inazima pikseli za pembeni ili zilizobaki zifanye umbo la mstatili. Mteja aliyenunua pikseli 1280 kwa 800 anatazama chache kuliko alizolipia, herufi nyembamba zinakuwa na kingo za kukwaruza, na pikseli zilizozimwa zinaendelea kuvujisha kivuli cha kijivu nje ya picha. Kama projekta ina kisogezi cha lenzi, tumia hicho, kwa kuwa kinasogeza picha bila kuikata. Kama haina, shusha bomba. Nikiikuta kistoni imewashwa kwenye kazi yangu mwenyewe, nahesabu kwamba sijamaliza.

Haya yote yana tiba moja, nayo ni kuiona picha kabla ya tundu la kwanza. Nasimamisha jukwaa la kazi, naiweka projekta juu yake kichwa chini, imeinuliwa juu ya vipande vya mbao ili pasizibwe matundu ya hewa, naiwasha, nasogeza mbele, nyuma, juu, chini mpaka picha iijaze skrini bila kistoni. Ndipo nahamishia alama darini kwa timazi. Inachukua saa moja. Wakati huohuo namwomba mwenyeji awashe kila kitu kinachowaka katika chumba hicho kwenye siku ya kawaida: taa zote, kiyoyozi, mapangaboi, afungue milango, avute mapazia.

Mapangaboi nilifundishwa na ukumbi mmoja mkubwa. Tulifunga asubuhi ya baridi, picha ikawa safi, tukashukuriwa. Siku ya mkutano, watu walipojaa na joto kupanda, mtu akabonyeza swichi, na kivuli cha mapanga kikaanza kuikata picha kama mkasi. Asubuhi ile tuliijaribu picha pangaboi likiwa limesimama, na liliposimama hakuna panga lililokuwa kwenye njia ya mwanga. Tulirudi kuihamisha projekta kwa gharama yetu. Na hata pangaboi lisilogusa mwanga linaweza kuitikisa slabu au mbao. Fanyeni hesabu: projekta ikiyumba kwa sehemu moja tu ya kumi ya digrii, kwenye skrini iliyo umbali wa mita 3.6 picha inasogea zaidi ya milimita 6. Katika mfano wetu pikseli moja ina upana wa karibu milimita 2, kwa hiyo kila herufi inarukaruka pikseli tatu. Watu watasema macho yanawauma, hawatajua kwa nini. Bomba refu huongeza kuyumba, kwa hiyo bomba refu lifungwe kwa mikono ya kulikinga na kuyumba, kutoka pande zaidi ya moja.

Taa nitazipitia haraka. Lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta, zikiwa 3000 na kutandazwa kwenye skrini ya mita 2.4 kwa 1.5, ni luksi 833 hivi, luksi ikiwa ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba. Kama taa za chumba zinaangusha luksi 300 kwenye skrini hiyohiyo, nyeusi yako ni 300 na nyeupe yako ni 1133, yaani tofauti haifiki mara nne. Kiwango cha AVIXA, jumuiya ya kimataifa ya sekta yetu, kinataka mara 7 kwa kutazama tu na mara 15 kwa watu wanaosoma na kufanya maamuzi. Mara nyingi hakuna haja ya projekta kubwa zaidi. Kinachohitajika ni safu ya taa iliyo karibu na skrini iwe na swichi yake. Hilo ni dogo kabla dari haijafungwa, na ni balaa baada ya kufungwa.

Joto. Hewa ya moto hupanda, kila mtu anajua, lakini tunapima joto la chumba tukiwa tumesimama sakafuni. Projekta haiishi sakafuni. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi mpaka nyuzi 35 au 40, na hewa iliyo chini kidogo ya dari inaweza kufika huko wakati watu mezani wanaona pako sawa. Chukueni kipimajoto, kifungeni kwenye fimbo, kiacheni darini mchana kutwa. Ukiijengea kisanduku cha urembo kisicho na njia ya hewa, umeijengea kaburi. Kiyoyozi kinachoipulizia kwa karibu si msaada pia: kinaleta vumbi, kinaweza kudondosha maji, na kikipuliza dhidi ya tundu la kutolea hewa kinairudisha hewa ya moto ndani. Na kwenye miinuko ya kuanzia mita 1500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na nguvu yake ya kupoza ni ndogo. Projekta nyingi zina mpangilio wa mwinuko unaozidisha kasi ya feni. Ni mstari mmoja kwenye menyu, na wengi hawaufungui kamwe.

Nyaya ni eneo jingine ambalo siku ya kwanza hudanganya. HDMI, kebo inayopeleka picha na sauti, ikiwa ya shaba ya kawaida inaweza kufika mita 15 kwa picha ya 1080p, yenye mistari 1080 ya pikseli. Ukiipandisha hadi 4K, yenye pikseli mara nne ya hizo, ya fremu 60 kwa sekunde, inayobeba gigabiti 18 kwa sekunde, hata mita 7 zinaanza kuwa bahati nasibu. Inaweza kukubali ukiwa na kompyuta yako, kisha ikakataa kompyuta ya mgeni, au ikawa inazima picha kwa sekunde mbili kila baada ya nusu saa. Kwa safari ndefu kuna HDBaseT, inayopita kwenye kebo ya mtandao hadi mita 100, na kuna HDMI za nyuzi za mwanga. Hizo za nyuzi zina upande wa kuanzia na upande wa kuishia. Nawajua mafundi wawili waliozivuta kinyume kwenye paipu, wakafunga dari, ndipo wakawasha. Iunganisheni kebo sakafuni kwanza, kwa vifaa vyenyewe vitakavyotumika, muitazame picha kwa saa nzima, ndipo muivute. Kwa kebo ya mtandao, hakikisheni ni shaba tupu. Zipo nyingi za alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha mpaka ukwangue waya.

Kichwa cha HDMI kina upana wa karibu milimita 20, kwa hiyo paipu ya milimita 25 yenye kona mara nyingi itakukwamisha. Weka paipu pana, kona ziwe za kuzunguka taratibu, na acha kamba ya kuvutia ndani yake. Pitisha kebo ya mtandao ya ziada hata kama hakuna aliyeiomba. Usiilaze sambamba na waya wa umeme, wala usiibane pamoja nao kwa tai za plastiki.

Umeme wenyewe uje kwa soketi ya kudumu iliyofungwa na fundi umeme karibu na breketi, yenye waya wa ardhini. Kebo ya kurefushia iliyolazwa juu ya dari ni chanzo cha moto ambacho hakuna atakayekiona kikianza, na kanuni za umeme katika nchi nyingi zinaikataza. Soketi hiyo isiwe kwenye swichi moja na taa. Projekta ya balbu huhitaji feni iendelee kupuliza baada ya kuzimwa. Mtu akizima ukutani wakati wa kutoka, joto linabaki ndani na maisha ya balbu yanafupika. Balbu hizo huwa na zebaki na zinaweza kupasuka, kwa hiyo anayeibadilisha akiwa chini yake avae miwani ya kinga, na asisimame pale vipande vitakapoangukia.

Na hapo ndipo linapokuja swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa na mteja: nani atapanda kuisafisha? Chujio likijaa vumbi, joto linapanda hata kama kila kitu kingine ni sawa. Kabla ya kutoboa, fungua mlango wa chujio na wa balbu, uone vinafungukia upande gani. Vikifungukia upande ulioubana kwenye boriti, kila usafi utakuwa ni kuishusha projekta nzima, na kazi ya namna hiyo watu huiahirisha mpaka kifaa kinaungua. Acha mlango wa kukagulia kwenye dari, hata wa upana wa mabega tu. Piga picha za kila kitu kabla ya kufunga: nanga, waya wa usalama, njia ya nyaya. Mwachie msimamizi wa jengo. Fundi atakayekuja baada yako hakujui, na siku hiyo picha zile ndizo zitakazozungumza naye.

Jambo la mwisho, dogo: funika projekta kwa plastiki wakati unatoboa chochote karibu nayo, hata kama imezimwa. Vumbi la zege likiingia kwenye lenzi halitoki kwa kitambaa. Ukishamaliza, iache iwake nusu saa kabla ya kurekebisha ukali wa picha, kwa kuwa lenzi ikipata joto hubadilika kidogo.

Sasa turudi kwenye ile nafasi nyeusi. Nimekagua, hakuna cha kumwangukia mtu, kwa hiyo msiogope kukaa safu ya tatu. Waya wa usalama upo, na aliyeufunga aliufunga vizuri. Lakini kuna mambo matatu humo ambayo ningeyafanya kwa namna nyingine, na moja kati yake litaanza kuwasumbua wenye ukumbi siku watakaponunua projekta mpya. Sitawaambia ni yapi. Tochi ninayo hapa. Pandeni mmoja mmoja, mwingine ashike ngazi, na kila anayeshuka aniambie alichokiona kabla hajazungumza na mwenzake. Nianze na wewe kijana wa mbele, uliyekuwa unatazama juu tangu nilipoanza.